Mpangaji kahama, marumaru zimebinuka na ukuta umelowa hadi kiunoni. Nani anabeba gharama?

#1 Mzee wa Segerea

Wakuu, poleni na majukumu.

Nina nyumba ya vyumba vitatu Segerea, Dar, ipo peke yake ndani ya fensi. Nilimpangisha bwana mmoja na familia yake, laki nne na nusu kwa mwezi, akilipa miezi sita sita. Kwenye kodi hakuwahi kunisumbua, hilo niliseme mapema nisije kuambiwa nina chuki. Amekaa miaka mitatu, kahama mwisho wa mwezi uliopita, funguo kaziacha kwa jirani.

Nimekwenda kukagua. Sebuleni marumaru zimenyanyuka mstari mzima katikati, ukikanyaga unasikia chini patupu. Ukuta wa sebule unaopakana na bafu umelowa kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, rangi inabanduka, kuna unga mweupe unatoka ukigusa. Jikoni jipsamu imeshuka kona moja, ina madoa ya kahawia. Milango miwili ya kabati haipo. Sijasema imevunjika, nasema haipo. Sinki la bafuni lina ufa. Chumba cha watoto, ukuta mzima umechorwa magari kwa kalamu ya wino.

Fundi wangu kapiga hesabu milioni tatu na laki nane. Dhamana niliyoshika ni kodi ya mwezi mmoja tu.

Msimamo wangu: nyumba aliikuta nzima, kaishi yeye, alipe yeye. Yeye anasema atalipa kabati na rangi ya chumba cha watoto, mengine "hayo ni ya nyumba yako, mzee". Nishaurini kabla sijaenda kwa mjumbe.

#2 Nyota ya Mbagala

Picha mkuu. Uzi wa nyumba bila picha haujakamilika.

#3 Mpangaji wa Kudumu

Wenye nyumba bwana. Mtu akishahama ndiyo mnakumbuka kwamba nyumba ilikuwa ikulu.

Ukuta unalowa kutoka chini, mpangaji anahusikaje? Alikuwa anaumwagilia? Tuambie kwanza, siku anaingia mlikagua pamoja mkaandikiana hali ya kila chumba, au ulimpa ule mkataba wa stationari wa kurasa mbili ambao hata jina la mpangaji aliyepita halijafutika vizuri? Na huo unyevu, aliwahi kukulalamikia au hakuwahi?

#4 Mzee wa Segerea

Mpangaji wa Kudumu, mkataba upo, umeandikwa "nyumba iko katika hali nzuri", na kasaini. Kuhusu unyevu, masika ya mwaka juzi alinitumia picha ya ule unga. Nikatuma fundi, akakwangua, akapaka rangi ya mafuta kwa hela yangu. Kwa hiyo sikumtelekeza.

Nyota, picha zinagoma kupanda, nitajaribu usiku.

#5 Fundi Chokaa

Rangi ya mafuta! Haya, ngoja nivute kiti.

Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda ndani ya tofali na plasta, yanabeba chumvi iliyomo, yakifika juu ya ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta uliolowa, unafunga mlango wa maji kutokea. Hayaondoki, yanatafuta pengine pa kutokea, yanapanda juu zaidi na kusukuma plasta kutoka nyuma. Ndiyo maana sasa umelowa hadi kiunoni, naamini mwaka juzi ilikuwa chini ya goti. Niambie kama nimekosea.

Swali la msingi ni maji yanatoka wapi. Inaweza kuwa ardhini, kama kwenye msingi hamkuweka ile karatasi ya kuzuia unyevu au iliwekwa ikachanika. Inaweza kuwa bomba la bafuni ndani ya ukuta. Inaweza kuwa maji ya kuogea yanapita kwenye viungo vya marumaru za bafu maana grauti imeliwa. Hizo habari tatu zina walipaji tofauti.

#6 Mama wa Vyumba Nane

Nyie mafundi mnawatetea sana wapangaji. Mimi nina vyumba nane Manzese, naishi nao uwanja mmoja, nimeona mengi. Mzee waulize majirani huyo bwana alikuwa anafanya biashara gani humo ndani. Mmoja wangu aliniaga vizuri kwamba anaishi na mke na mtoto, kumbe chumba cha pili ni kiwanda cha ubuyu, masufuria yanachemka usiku, sukari imemwagika sakafuni mpaka sisimizi wakahamia kwangu. Mwingine alikuwa anafua mazulia ya watu ndani ya bafu. Ukuta gani utahimili hayo?

#7 Mzee wa Segerea

Mama, umegusa penyewe. Nimeuliza leo. Mkewe alikuwa anauza juisi na barafu, friza mbili kubwa zilikaa sebuleni, ukuta huohuo wa bafu. Sikuambiwa. Mkataba unasema makazi tu.

#8 Mama wa Vyumba Nane

Si nilisema.

#9 Kijana wa Goba

Friza haibinui marumaru, tusidanganyane. Ingekuwa uzito, zingevunjika na kudidimia, sio kunyanyuka. Marumaru kunyanyuka mstari mzima ni kwamba zilibanwa: fundi kazipanga zimegusana, ukutani hakuacha nafasi ya kutanuka iliyofichwa na skatingi, na chini kaweka udongo wa saruji madonge madonge badala ya kujaza. Zikitanuka kwa joto na unyevu hazina pa kwenda ila juu. Kwangu zilinyanyuka mchana kweupe, na mimi ndani ya nyumba, zikalia mlio wa risasi, mke wangu akakimbilia nje na mtoto. Hapakuwa na mpangaji wa kumlaumu pale.

#10 Mama wa Vyumba Nane

Goba, friza inatoa maji au haitoi? Anayeuza barafu kila siku anayeyusha, anamwaga, anadeki. Miaka mitatu. Hesabu mwenyewe hayo maji yaliingia wapi.

#11 Mwashi Mstaafu

Nimejenga tangu miaka ya themanini, naomba nisikilizwe. Hapo tatizo ni jamvi, yaani zege la sakafu. Vijana wa sasa wanamwaga kifusi ndani ya msingi, hawakishindilii kwa tabaka, wanamwaga zege juu, kesho wanapiga lipu. Kifusi kinakaa chini taratibu, jamvi linabaki linaning'inia na kupasuka. Na ukanda wote ule wa kuelekea Pugu ardhi yake ni mfinyanzi, Pugu yenyewe ina kaolini. Mfinyanzi ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Marumaru zinafuata.

#12 Fundi Chokaa

Mzee wangu Mwashi, shikamoo. Kwenye kifusi nakubali moja kwa moja. Kwenye kaolini hapana. Kaolini ni mfinyanzi usiovimba sana, ndiyo maana unafaa kwa vyombo. Unaovimba na kupasua nyumba ni ule mweusi wa mabondeni. Mleta uzi, nyumba iko bondeni au mlimani?

#13 Mwashi Mstaafu

Marahaba. Sijui habari za maabara, nasema nilichokiona.

#14 Mzee wa Segerea

Iko kwenye mteremko, katikati. Sio bondeni. Lakini kuna jambo: barabara ya mtaa ilijengwa upya mwaka jana, mkandarasi kaipandisha. Zamani ulikuwa unapanda kidogo kuingia getini, sasa unashuka. Mvua ikinyesha maji yanaingia uani.

#15 Nanga ya Kigamboni

Na hili ulikuwa unalificha mpaka ukurasa wa pili? Mzee, barabara imepanda juu ya nyumba, maji ya mtaa mzima yanalala uani kwako masika yote, halafu unamdai muuza barafu!

Huko kwetu nyumba nzuri zimegeuka mabwawa hivyohivyo. Maji yakisimama kwenye msingi tangu Machi hadi Mei, hata ungekuwa umejenga kwa nondo tupu, ukuta utayanywa. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, ujaze kokoto, upeleke maji nyuma. Kisha ndiyo uanze kuzungumza na mpangaji.

#16 Mpangaji wa Kudumu

Nanga, mkono wako niubusu. Jumla mpaka sasa: mwenye nyumba kapaka rangi ya mafuta, barabara imepanda, fundi wa marumaru kabana, kifusi hakikushindiliwa. Mpangaji kauza barafu. Na bili yote apewe muuza barafu.

#17 Mama wa Vyumba Nane

Na milango ya kabati? Ilisombwa na mafuriko?

#18 Mpangaji wa Kudumu

Hiyo kakubali kulipa, mama. Soma mwanzo wa uzi.

#19 Kalamu Nyekundu

Niingie kwenye sheria kidogo, maana naona mjumbe atachoshwa bure.

Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88 kinaeleza wajibu wa mwenye nyumba na cha 89 wajibu wa mpangaji. Masharti hayo yanahesabiwa kuwemo hata kama mkataba wa stationari haukuyataja. Mpangaji anatakiwa arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, LAKINI habebi uchakavu wa kawaida, wala uharibifu wa moto, mafuriko au ajali ambayo haikusababishwa na uzembe wake, wa wageni wake au wafanyakazi wake. Kwa upande wa pili, anayepangisha nyumba ya kuishi anatakiwa kuhakikisha inafaa kukaliwa na binadamu.

Kwa hiyo vunja hiyo milioni tatu na laki nane. Milango ya kabati, sinki lenye ufa na michoro ya watoto ni vya mpangaji, na kwenye sinki utoe uzee wake, huwezi kumdai jipya kwa la zamani. Ukuta na marumaru ni lazima uonyeshe sababu. Anayedai ndiye anayethibitisha, na sentensi ya "hali nzuri" peke yake ni ushahidi mwembamba, hasa kama simu ya mpangaji bado ina ile picha aliyokutumia mwaka juzi.

Biashara ya barafu ni uvunjaji wa sharti la makazi, hiyo ni hoja yako nzuri. Ila kuvunja sharti ni jambo moja, na sharti hilo kuwa ndilo lililolowesha ukuta ni jambo jingine.

#20 Simba wa Yombo

Maneno mengi ya nini. Nenda polisi, fungua kesi ya kuharibu mali. Akilala ndani usiku mmoja utaona hela inavyopatikana. Au nenda Baraza la Kata wamhukumu.

#21 Kalamu Nyekundu

Simba, vyote viwili hapana. Kuharibu mali, kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, kunataka makusudi. Ukuta wenye chumvi hauna makusudi. Polisi wenyewe watakwambia hayo ni madai, na ukisukuma sana unaweza kugeuziwa wewe.

Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi tangu marekebisho ya sheria ya 2021. Linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti, au siku 30 zikipita bila usuluhishi unaendelea mbele, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na hata hapo wapo mawakili watakaobishana kama kudai hela ya matengenezo kwa mtu aliyekwishahama ni mgogoro wa ardhi au ni deni la mkataba la mahakama ya kawaida.

Jambo la mwisho: huo mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu? Wengi hukwama hapo, karatasi inakataliwa kupokelewa mpaka ilipiwe pamoja na adhabu.

#22 Mzee wa Segerea

Stempu ya nini tena?

#23 Mpangaji wa Kudumu

😂😂😂 Na ile asilimia 10 ya TRA, watu wa mapato, kwenye pango usiulizwe, mzee, utazimia.

#24 Baharia wa Upanga

Kalamu asante. Ngoja nilete la kwangu maana ninyi wenye nyumba za chini mna raha hamjui.

Nina ghorofa Upanga, sehemu moja tu, ya pili kutoka juu. Dari ya bafu ikaanza kudondosha maji. Nikapanda kwa jirani wa juu, mama mtu mzima, ananikaribisha chai, ananionyesha bafu lake kavu kabisa. Fundi wangu akasema bomba liko ndani ya zege, baina ya dari yangu na sakafu yake. Ni la nani? Mama anasema liko chini ya sakafu yangu halinihusu. Mimi nasema liko juu ya dari yangu halinihusu. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inataka wamiliki wawe na umoja wao unaosimamia vya pamoja, lakini umoja wetu ulikuwa na mwenyekiti tu, hana akaunti wala kikao. Mpangaji wangu akaoga na ndoo miezi, akapunguza kodi mwenyewe bila kuniuliza. Nikamwacha, maana ningekuwa mimi ningehama kabisa.

Mwisho tulichanga watatu, na wa chini yangu akiwemo, kwa sababu maji yalishaanza kumfikia.

#25 Mtoto wa Leicester

Huku Uingereza haya yalimalizwa. Kwa England na Wales, tangu Aprili 2007 mwenye nyumba akipokea dhamana ya nyumba ya kuishi lazima aiweke kwenye mpango ulioidhinishwa, sasa ana siku 30. Asipofanya hivyo mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji mara moja hadi mara tatu ya hiyo dhamana. Mkigombana mwishoni kuna mwamuzi, na kitu cha kwanza anachouliza ni orodha ya ukaguzi ya siku ya kuingia yenye picha. Mwenye nyumba asiye nayo mara nyingi anaondoka mikono mitupu.

#26 Nyota ya Mbagala

Leicester hamkosi. Mvua ikinyesha Segerea nyie mnatuma mwamuzi.

#27 Mtoto wa Leicester

Nimesema orodha na picha tu jamani. Simu mnazo.

#28 Dalali Msomi

Naomba nitetee kidogo sekta. Mimi nikiingiza mteja sasa napiga video chumba kwa chumba, nafungua kila koki, navuta kila choo, mwenye nyumba na mpangaji wote wakiwepo, naituma kwenye kikundi cha watu watatu WhatsApp. Tarehe inabaki pale. Imeniokoa kesi nyingi. Na dhamana ya mwezi mmoja kwa nyumba yenye jipsamu na marumaru ni ndogo, lakini ukidai miezi miwili juu ya kodi ya miezi sita na hela ya dalali, mteja anakimbia. Hapo ndipo tulipo.

#29 Simba wa Yombo

Dalali anajisifia video. Ile hela ya "kuonyeshwa nyumba" elfu ishirini ambayo nyumba yenyewe imeshapangishwa jana, nayo mnapiga video?

#30 Dalali Msomi

Hao ni vishoka, mkuu. Tusichanganywe.

#31 Binti Kimara

Nimesoma wote, hakuna aliyegusa jipsamu ya jikoni. Madoa ya kahawia kwenye kona yanaweza kuwa raba za misumari ya bati zimekufa, jua la Dar linazila, maji yanapita kwenye tundu la msumari na kufuata kenchi mpaka kona. Yanaweza kuwa mvuke, kama mkewe alikuwa anachemsha matunda ya juisi jikoni kusikokuwa na dirisha la kutosha. Na yanaweza kuwa popo. Sicheki. Kwetu Kimara tulibadilisha bati mbili bure, kumbe ni mkojo wa popo. Panda juu na tochi mchana, ukiona mwanga unaingia ni bati, ukisikia harufu kali utajua wenyewe.

#32 Mzee wa Segerea

Popo wapo. Kila magharibi wanatoka kwenye pembe ya paa.

#33 Mpangaji wa Kudumu

Nao wadaiwe kodi.

#34 Fundi Chokaa

Binti Kimara hoja nzito. Mleta uzi, kabla hujatumia hata shilingi, pima. Funga koki zote za ndani, angalia mita ya maji. Ikizunguka na hakuna anayetumia, kuna uvujaji. Kwenye ukuta, chukua nailoni ngumu, ibandike kwa gundi pande zote juu ya sehemu iliyolowa, na nyingine sakafuni pale marumaru zimetoka, acha siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani. Yakiwa mbele, ni unyevu wa hewa ya chumba. Kwa bafu, ziba tundu la sakafuni, jaza maji kina cha vidole viwili, weka rangi ya chakula, angalia kama ukuta wa sebule utabadilika rangi.

Na niulize lingine: zege na plasta mlichanganya kwa maji gani?

#35 Mzee wa Segerea

Ya kisima cha jirani. Bomba lilikuwa halijafika wakati ule.

#36 Mwashi Mstaafu

Basi. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, wengine tunaishi navyo tunajua ladha yake. Chumvi uliijenga mwenyewe ndani ya ukuta. Mvua inaiamsha tu.

#37 Kijana wa Goba

Mzee Mwashi, chumvi bila maji haitoki. Kisima kinaeleza unga, hakielezi kulowa.

#38 Mwashi Mstaafu

Ndiyo maana nikasema mvua inaiamsha. Soma mpaka mwisho.

#39 Mwajuma Bima

Kuna mtu ataniuliza bima, nijibu kabisa. Bima ya jengo ya kawaida inaanzia kwenye moto na radi, unaweza kuongeza mafuriko, dhoruba, kupasuka kwa bomba. Unyevu wa polepole, uchakavu na ufundi mbovu hailipi. Bomba limepasuka ghafla, unalipwa. Limevuja taratibu miaka miwili na wewe ukapaka rangi juu, hulipwi.

Na msikate bima kwa thamani ndogo ili mlipe kidogo. Nyumba ya milioni 80 ukiikatia milioni 40, siku ukipata hasara ya milioni 4 unahesabiwa nusu, unapewa 2. Watu wanalia wanasema wametapeliwa, kumbe ni hesabu iliyoandikwa.

#40 Mzee wa Segerea

Mrejesho wakuu.

Mita haikuzunguka, imesimama kabisa. Nailoni ya ukutani matone yako nyuma, upande wa ukuta. Ya sakafuni, nyuma pia lakini kidogo. Juu ya dari kuna popo na kuna mwanga sehemu mbili, kwa hiyo sijui doa ni la nani.

Kwa hiyo sio bomba. Nimekuwa namwelewa zaidi Nanga kuhusu barabara.

#41 Fundi Chokaa

Subiri. Nyumba ina simtanki?

#42 Mzee wa Segerea

Ndiyo, lita elfu mbili, juu ya mnara.

#43 Fundi Chokaa

Basi mita imekupima kutoka barabarani hadi kwenye tanki tu. Tanki likiwa limejaa na boya limefunga, mita inaweza kusimama muda wote unaoiangalia hata kama bafu linavuja ndani ya ukuta, mpaka maji yashuke kiasi cha boya kufungua. Weka alama kwenye tanki jioni, funga koki ya kuingiza, asubuhi angalia kama maji yameshuka.

#44 Kijana wa Goba

Hii sikuwa naijua. Asante fundi.

#45 Mzee wa Segerea

Yameshuka upana wa kiganja. Lakini mlinzi kaoga alfajiri, na kamwagilia maua.

#46 Nyota ya Mbagala

😂😂 Mlinzi kaua utafiti.

#47 Mama wa Vyumba Nane

Mlinzi aliyeoga pipa zima? Hilo bomba linavuja, baba. Na bomba la bafuni nani alilitikisa? Ukiona sinki lina ufa ujue kuna mtu alilikalia. Sinki likining'inia linavuta bomba ukutani.

#48 Fundi Chokaa

Mama, kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nakubaliana na wewe kabisa. Sinki lililopasuka na ukuta uliolowa ni ukuta mmoja au siyo?

#49 Mzee wa Segerea

Ukuta mmoja.

#50 Nanga ya Kigamboni

Ila huo unga alipigia picha masika ya mwaka juzi. Sinki lilikuwa lishapasuka wakati ule?

#51 Mzee wa Segerea

Fundi wangu wa rangi anasema hakumbuki. Mpangaji anasema lilikuwa zima, lilipasuka mwaka jana mtoto alipopanda kupiga mswaki.

#52 Nanga ya Kigamboni

Basi unyevu ulitangulia sinki, na barabara imefuata nyuma ya unyevu. Hata nadharia yangu imetoboka. Kuna kitu cha kwanza kabla ya vyote hivi.

#53 Mwashi Mstaafu

Kisima.

#54 Mama wa Vyumba Nane

Friza.

#55 Mzee wa Segerea

Jioni hii mpangaji kanitumia hesabu yake. Kaandika hivi: kabati na rangi ya chumba cha watoto, laki mbili na nusu, anakubali itolewe kwenye dhamana. Sinki yuko tayari kuchangia nusu. Halafu anadai nimrudishie boya la tanki alilonunua, taa mbili za nje, na kodi ya jengo aliyokatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, miaka yote mitatu, elfu moja kila mwezi. Hii ya LUKU ni halali? Umeme alitumia yeye.

#56 Binti Kimara

Halali kabisa. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, LUKU ni njia tu ya kukusanyia. Tena kakuonea huruma, elfu moja ilikuwa mwaka 2021 ilipoanza. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500, na ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Kwa miezi 36 ni 54,000.

#57 Mzee wa Segerea

Msimwambie.

#58 Mpangaji wa Kudumu

Nishamtumia kiungo cha uzi.

#59 Mzee wa Segerea

Unamjua?!

#60 Mpangaji wa Kudumu

Natania mzee. Lakini mlipe.

#61 Kalamu Nyekundu

Mleta uzi, hayo aliyokuandikia sio mabaya kama unavyoyaona. Kakiri kabati, rangi na nusu ya sinki kwa maandishi. Ukienda Baraza la Kata ukiwa na hilo, mnabishana ukuta na marumaru peke yake. Mimi ningechukua, ningemlipa LUKU na boya, taa mbili ningemwambia afungue aondoke nazo.

#62 Simba wa Yombo

Ukimlipa boya umekubali kwamba tanki lako lilikuwa bovu. Kesho atasema ndilo lililolowesha ukuta.

#63 Fundi Chokaa

Na anaweza kuwa sahihi. Boya bovu tanki linafurika, maji yanashuka kwenye mnara. Mzee, mnara wa tanki uko upande gani wa nyumba?

#64 Mzee wa Segerea

Nyuma ya bafu.